Panya wa njia ya Unyanyembe

Mgeni akifika Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, huoneshwa tembe alilokaa David Livingstone hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi aliotumiwa na mwandishi wa habari Stanley kutoka pwani. Ataoneshwa milango ya kuchonga, atasimuliwa habari za pembe na za watumwa, kisha atapiga picha na kuondoka. Habari za panya hakuna anayeziuliza, ingawa bila shaka walikuwapo tangu nyumba ile ilipoezekwa.

Misafara ya biashara iliyopita hapa haikula pembe za ndovu. Ilikula mtama, uwele, mihogo, na baadaye mahindi. Wasafiri Burton na Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya siku zile katika nchi ya Unyanyembe, Novemba 1857, waliingia katika mji ulioishi kwa kulisha wapita njia. Kila kambi kati ya Bagamoyo na Ujiji ilihitaji nafaka, na kila nafaka ilihitaji kihenge. Kihenge nacho kina wageni wake wasiolipa.

Aliyekuwa mwenyeji kati ya wageni hao ni panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Jina la pili linatoka Natal, Afrika Kusini, alikoandikwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi mwaka 1834. La kwanza linatokana na matiti, na si kwa kusingiziwa: jike anaweza kuwa na chuchu 24. Huzaa watoto kumi na kitu kwa uzazi mmoja, na mvua zikiwa nzuri hungoja kidogo tu kabla ya kuzaa tena. Mkulima wa Uyui, Sikonge au Nzega hahitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo. Amekwisha kupanda mbegu jioni na kukuta mashimo matupu asubuhi.

Panya mweusi wa nyumbani ni mgeni mwenye asili ya Asia. Alivuka bahari ndani ya majahazi, akaingia bara polepole pamoja na biashara. Reli nayo, iliyofika Tabora mwaka 1912, haikumzuia. Anapofika yeye, panya shamba huhama nyumba na kurudi porini na mashambani. Asipokuwapo, panya shamba hulala darini kama mwenye nyumba. Hivyo mmoja anakaa na watu, mwingine anakaa na nyika, nao hukutana ghalani. Hapo ndipo viroboto hubadilishana wenyeji, na hapo ndipo tauni ilipopata daraja.

Tauni haikuwa hadithi ya mbali kwa upande huu wa magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1898 Mjerumani Robert Koch alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa Kiziba, kule Bukoba, ni tauni hiyohiyo ya Bombay na Hong Kong. Afrika Kusini nako ilikuwa ikizuka mara kwa mara, na watafiti wa huko wakamtazama panya shamba kwa jicho la mashaka: kama yeye ndiye daraja, basi achunguzwe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walikamata panya wa porini, wakawaweka katika vizimba vya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Kusini mjini Johannesburg, wakaanza kuwafuga.

Hapo ndipo kisa kinapogeuka, na kilichokigeuza ni uzee. Shambani panya huyu hazeeki. Bundi, nyoka, moto wa kiangazi, njaa ya kabla ya mvua na sumu ya mkulima humwahi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, kwa miaka mingi wamekuwa wakikamata panya hawa, kuwatia alama, kuwaachia na kuwakamata tena. Wanaotimiza mwaka mmoja ni wa kuhesabika. Kizimbani mambo ni mengine. Hakuna bundi, chakula kinaletwa, maji yapo. Panya akafikisha mwaka, akafikisha miwili, akaota mvi kwa namna yake.

Walipopasuliwa wale wazee, matumbo yao yalikuwa na uvimbe. Mwaka 1957 A. G. Oettlé wa taasisi ileile aliandika kwamba amekuta saratani ya tumbo iliyojitokeza yenyewe, bila panya kulishwa sumu wala kuchomwa sindano. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kushtua. Panya na wanyama wengine wa maabara hawapati saratani ya tumbo ovyo. Miaka 30 kabla yake, mtaalamu wa Denmark Johannes Fibiger alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926 kwa kudai kwamba amesababisha saratani ya tumbo kwa kulisha panya mende wenye minyoo. Baadaye ikaonekana kwamba minyoo haikuwa mkosaji; panya wale walikuwa wamekosa vitamini A, na vingi vya vile vivimbe havikuwa saratani. Nobel haikurudishwa.

Wazee wa Johannesburg hawakuwa na tatizo la Fibiger, ila walikuwa na la kwao. Wazao wao walisafirishwa hadi Marekani, na mwaka 1969 Katharine Snell na Harold Stewart wakaeleza kwamba uvimbe ule ni karsinoidi. Hii si saratani ya kawaida inayoua watu wengi, ambayo huanzia kwenye utando wa tumbo. Karsinoidi huanzia kwenye seli chache zinazotengeneza histamini, kemikali inayoliamuru tumbo limwage asidi. Kipande cha uvimbe kikipandikizwa kwa panya mwingine, histamini humwagika, asidi hufurika, na panya huyo hupata vidonda vya utumbo.

Kwa hiyo tumbo la panya shamba likawa kitabu cha asidi. Kitabu hicho kilifunguliwa kwa haraka miaka ya 1980, ilipotokea dawa ambayo leo inauzwa katika kila duka la dawa, Tabora na kwingineko: omeprazoli. Mwaka 1984 majaribio yake kwa binadamu yalisimamishwa kwa sababu panya weupe waliopewa dozi kubwa kwa muda mrefu walikuwa wameota karsinoidi. Mantiki yake si ngumu. Asidi ikikatwa, mwili hudhani tumbo limelala, hivyo huongeza homoni ya gastrini ili kuliamsha. Gastrini huzigonga seli za histamini usiku na mchana, nazo huongezeka. Majaribio yaliendelea baada ya kueleweka hivyo, dawa ikaingia sokoni mwaka 1988, na kwa binadamu hatari ile haikujitokeza kama ilivyojitokeza kwa panya.

Lakini kwa nini panya shamba apate uvimbe hata bila dawa? Katika Chuo Kikuu cha Yale, Irvin Modlin na wenzake waliwapa panya hao dawa nyingine kali ya kuzuia asidi, nao wakaota uvimbe ndani ya miezi minne badala ya kungoja uzee. Jibu lenyewe lilipatikana mwaka 1998. Kila seli ya histamini ina kitasa ambacho ufunguo wake ni gastrini. Cha panya huyu kina kasoro ya kuzaliwa: hufunguka nusu hata pasipo ufunguo. Seli zake hazipati usingizi maisha yote, na maisha yakirefuka, uvimbe huja.

Lilibaki swali la kusambaa, yaani uvimbe kutoka tumboni kwenda kwenye ini na tezi za limfu; hilo panya shamba alilijibu kwa sehemu tu, kwani karsinoidi yake husafiri mara chache. Waliotaka kuifuata saratani ya binadamu njiani waligeukia panya mdogo asiye na manyoya na mwenye kinga pungufu, anayepokea kipande cha uvimbe wa mtu bila kukikataa. Kikipachikwa chini ya ngozi, kipande hicho hukua palepale na kwa kawaida hakitoki. Kikishonewa kwenye tumbo lake, mahali pa asili yake, huanza safari: ini, tezi za limfu, utando unaofunika viungo vya ndani. Na huko Japani mwaka 1998, panya wa nyika za Mongolia walioambukizwa bakteria Helicobacter pylori walipata saratani ya kawaida ya tumbo baada ya wiki 62. Bakteria huyo amejaa matumboni mwa Waafrika pia.

Kumbe hata jina lilikosewa. Wanasayansi walipozihesabu kromosomu waligundua kwamba panya wengi waliofugwa maabara kwa jina la natalensis ni ndugu yake, Mastomys coucha, mwenye kromosomu 36. Natalensis ana 32, naye ndiye aliyejaa Tanzania, yeye na virusi vyake: huko Afrika Magharibi hubeba homa ya Lassa, na Morogoro alikutwa na kirusi jamaa ambacho hakijajulikana kumdhuru mtu. Ukimwona kwa macho huwezi kumtofautisha na coucha.

Huku Tabora mvua hukoma Aprili au Mei. Waliozaliwa mwishoni mwa masika hukua kiangazi kizima wakiokota masalia ya karanga na mahindi, wakikwepa bundi na moto. Wanaofika Novemba huzaa, kisha nao hupotea. Mkamate mmoja pembeni mwa barabara ya zamani ya Kwihara, mpasue: utakuta mbegu, majani na wadudu. Uvimbe ni wa wazee, naye bado ni kijana.