Ndoa ni ya Nani? Tamthilia ya Wakati Ukuta na Sheria za Ziwa Letu

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliandika tamthilia ya Wakati Ukuta akiwa kijana, Tanzania nayo ikiwa na uhuru wa miaka michache tu. Kisa chenyewe sisi wa huku Magara tunakijua, hata kama kitabu hatujawahi kukishika.

Tatu anampenda Swai. Mama hataki: binti hatoki usiku na mwanaume, watu watasema nini? Baba ni mpole zaidi, anaona wakati umegeuka, na anayepigana nao anajiumiza mwenyewe. Tatu anaondoka, anafunga ndoa na Swai bomani bila baraka za nyumbani. Ndoa haidumu.

Wengi wanasoma mchezo huu kama onyo kwa watoto wasiosikia. Mimi naona kila mmoja kashika kipande cha ukweli. Mama anajua ndoa ni ya koo mbili, na siku ya ugomvi lazima awepo wa kusuluhisha. Tatu anajua kwamba atakayelala na kuamka na huyo mume ni yeye, si mama. Bomani nao wana chao: jina limeandikwa, mtu hawezi kulikana.

Swali hilohilo, nani anaifanya ndoa iwe ndoa, liliwafikia pia watunga sheria kando ya ziwa hili, na kila nchi ikajibu kivyake. Tanzania, katika Sheria ya Ndoa ya 1971, ilisema: mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, mtahesabiwa mmeoana mpaka mtu athibitishe vingine. Hapo wanasikilizwa majirani. Kongo, katika Sheria ya Familia ya 1987, ilitaka bwana arusi na wazazi wa binti wapatane kwanza kuhusu mahari. Mama yake Tatu angepiga makofi! Burundi, katika sheria yake ya 1993, inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali. Mwaka 2017 waliokuwa wanaishi pamoja bila kuandikishwa walipewa hadi tarehe 31 Desemba wahalalishe ndoa zao.

Sasa chukua mfano wa mama mmoja. Aliposwa Uvira, mahari ikalipwa nusu, vita ikaingia. Wakavukia Kigoma, wakakaa kambini miaka mitano, wakazaa. Leo wako Rumonge. Kwa wazee wa Uvira bado kuna deni. Kigoma alikuwa mke wa mtu. Huku, bila karatasi, sheria haimwiti mke. Mume ni yuleyule, watoto ni walewale. Siku mume akifariki, au akiondoka zake, ndipo swali linauma: nani atarithi, na yeye atajitambulisha kama nani?

Kwa hiyo ninyi ndugu wa mashirika, mnapouliza "umeolewa?", msiridhike na ndiyo au hapana. Ulizeni mahari, ulizeni karatasi, ulizeni wamekaa pamoja miaka mingapi.

Na sisi wenyewe tusingoje matatizo. Wanaopendana waende komini waandikishwe. Lakini kabla ya kwenda wawapigie wazee simu, hata kama mahari bado. Tatu na Swai walikuwa na mapenzi, walikuwa na karatasi. Nyumba ilipoyumba, watu wa kuwashika walikuwa wameachwa nyuma.