Wakimbizi wa Ulaya katika vichochoro vya Shanghai

Mwishoni mwa mwaka 1938, Myahudi wa Vienna au Berlin aliyetaka kuokoa familia yake alizunguka ubalozi hadi ubalozi akitafuta nchi ya kumpokea, na karibu kila mlango ulikuwa umefungwa. Usiku wa tarehe 9 Novemba masinagogi yalichomwa, maduka yakavunjwa, na wanaume karibu 30,000 wakakamatwa na kupelekwa katika kambi za mateso. Wengi wao waliambiwa wataachiliwa wakionyesha kwamba wana njia ya kuondoka nchini. Ndipo jina la mji wa mbali likaanza kupita mdomo kwa mdomo: Shanghai, huko China.

Shanghai ilikuwa mji wa mabwana wengi. Sehemu moja iliendeshwa na Waingereza na Wamarekani, nyingine na Wafaransa, na sehemu za Wachina zilikuwa zimetekwa na jeshi la Japani mwaka 1937. Katika mchafuko huo hakuna aliyekagua pasipoti bandarini. Aliyekuwa na tiketi ya meli alishuka. Lakini kutoka Ujerumani na Austria kulihitaji karatasi, na hapo alionekana Ho Feng-Shan, konsuli wa China mjini Vienna. Alitoa visa kwa maelfu, ingawa mkubwa wake, balozi wa Berlin, hakupenda. Visa ile haikuhitajika kabisa kuingia Shanghai. Kazi yake ilikuwa kufungua lango la gereza upande wa pili.

Meli za Italia ziliwabeba kutoka Genoa na Trieste, kupitia Suez, safari ya karibu mwezi mzima. Mwenye kiwanda na mfagiaji walishuka sawasawa, kwa sababu Ujerumani ilimruhusu mtu kutoka na mark 10 tu. Mnamo Agosti 1939 wakuu wa Shanghai nao waliweka masharti, kibali au dola 400 za Marekani, na njia ikawa nyembamba. Kwa jumla waliofika walikuwa karibu 18,000.

Wengi waliishia Hongkou, kartie iliyokuwa imebomolewa kwa mabomu mwaka mmoja nyuma. Asiye na kitu alipelekwa katika makao ya pamoja: vyumba vikubwa vya vitanda vya ghorofa, shuka likitundikwa kati ya familia na familia ili mama apate kubadili nguo. Chakula kilitoka katika jiko la msaada, kwa foleni. Fedha zilitolewa na Wayahudi matajiri waliotangulia Shanghai kutoka Baghdad, na shirika la Kiyahudi la Marekani. Aliyepanga foleni kama hiyo anajua kwamba njaa huuma, ila kusimama na sahani mbele ya watu huuma zaidi. Mawakili na walimu wa muziki waliona aibu hiyo kila siku.

Aliyepata senti alipanga chumba katika vichochoro, nyumba za matofali zilizobanana, familia moja kwa chumba kimoja, Wachina ukuta kwa ukuta. Hapo ndipo maisha yalipoanza upya, na majirani ndio waliokuwa walimu. Choo cha maji hakikuwapo. Kulikuwa na ndoo ya mbao, na alfajiri mtu wa mkokoteni alipita kuzikusanya kupeleka mbolea mashambani. Maji ya bomba hayakunyweka bila kuchemshwa, na kuni zilikuwa ghali, basi watu walinunua maji ya moto dukani kwa jetoni ndogo ya mwanzi. Mke wa daktari wa Vienna alijifunza kwa kumtazama jirani jinsi ya kuwasha mbabula nje ya mlango, kuipepea kwa kipepeo, na kufinyanga mabonge ya vumbi la makaa na udongo ili moto udumu. Lugha ya kusikilizana ilikuwa Kiingereza kilichovunjika na vidole. Bei ilisemwa kwa vidole.

Haifai kuipamba hadithi hii. Leo watu hupenda kusimulia kwamba Wachina na Wayahudi walipendana kama ndugu. Walio wengi waliishi jirani, kila mmoja na shida zake. Wakimbizi wachache tu walijifunza Kichina. Walifungua mikahawa na maduka ya mikate katika barabara ya Chusan, wakaita mahali hapo Vienna Ndogo, wakasoma magazeti yao ya Kijerumani. Wachina nao waliwaona wazungu wa ajabu, maskini kuliko wazungu wote waliowajua, wakiuza kamera na makoti yao kitu kimoja kimoja. Lakini jambo moja wakimbizi walilisema tena na tena katika kumbukumbu zao: hapakuwa na jirani aliyewachukia kwa sababu ni Wayahudi. Kwa mtu aliyetoka Berlin, hilo peke yake lilitosha kumpa usingizi.

Na majirani wale nao walikuwa wahanga wa vita. Maelfu ya Wachina walikuwa wamekimbilia Shanghai kutoka vijiji na karte zilizoteketezwa mwaka 1937. Asubuhi za baridi kali maiti zilizofungwa kwa mikeka ziliokotwa barabarani. Mkimbizi wa Ulaya aliyelalamikia supu yake aliruka maiti hizo akienda kuichukua. Waandishi wengi wa habari hizi huandika upande mmoja tu. Mawazo ya jirani Mchina juu ya wageni hawa yaliandikwa kidogo sana, na hasara hiyo ni kubwa.

Mambo yakawa mabaya zaidi Desemba 1941, Japani ilipoingia vitani na Marekani na kuutwaa mji wote. Mwezi mmoja nyuma Ujerumani ilikuwa imewavua uraia Wayahudi wote waliokuwa nje. Kisha tarehe 18 Februari 1943 likatoka tangazo: "wakimbizi wasio na uraia" waliofika tangu 1937 wahamie katika eneo moja la Hongkou kabla ya tarehe 18 Mei. Neno Myahudi halikuandikwa, ila kila mtu alijua ni nani. Waliokuwa wamejenga tena nyumba au duka mahali pengine waliuza kwa hasara wakahama mara ya pili.

Eneo lilikuwa dogo, kilomita 2 na nusu za mraba hivi, na ndani yake tayari waliishi Wachina karibu 100,000. Hapakuwa na ukuta wala seng'enge. Mchina alipita akitaka. Mkimbizi alihitaji kibali na beji kifuani. Ofisa wa Kijapani Kanoh Ghoya ndiye aliyegawa vibali, akijiita mfalme wa Wayahudi, akiwapiga makofi watu wazima waliopanga mstari mbele ya biro yake. Na walinzi wa njiani mara nyingi walikuwa wakimbizi wenyewe, waliopangiwa zamu kuwazuia wenzao.

Tarehe 17 Julai 1945 ndege za Marekani zilipiga mabomu Hongkou. Walikufa wakimbizi zaidi ya 30, na Wachina mamia. Madaktari wakimbizi waliwahudumia majeruhi wote, Mchina na Myahudi, wakifunga vidonda kwa vitambaa vyovyote vilivyopatikana.

Vita vilipokwisha, orodha za waliopona Ulaya zilibandikwa ukutani, na watu wakatafuta majina ya wazazi na ndugu. Wengi hawakuyaona. Kurudi hakukuwa na maana tena. Wakaanza kungojea karatasi za Marekani, Australia na Israeli, wengine kwa miaka mitatu au minne. Mmoja wa watoto wa Hongkou, Michael Blumenthal, aliyefika akiwa na miaka 13, alikuwa waziri wa fedha wa Marekani kuanzia 1977 hadi 1979. Sinagogi ya Ohel Moshe sasa ni makumbusho ya wakimbizi hao. Vyumba walivyoviacha vilijazwa upesi na familia za Kichina, ambazo nazo zilikuwa zikitafuta pa kulala.