Mbao za Ukingo wa Paa: Matengenezo ya Nyumba ya Mchungaji

Wageni wanaofika katika nyumba ya mchungaji huzitazama kuta zake za mawe. Ni wachache wanaoinua macho kuutazama ubao uliopigiliwa kwenye ncha za mapao, chini ya bati, ambao mafundi huuita fishabodi. Ubao huo hauibebi nyumba. Kazi yake ni kuzikinga ncha za mapao na mvua na kuushikilia mfereji wa maji. Lakini ukioza, uozo huhamia kwenye mapao, na mapao ndiyo yanayobeba paa.

Mbao za kwanza zilikuwa za mkulo, mti wa msitu wa Kilimanjaro ambao kiini chake hustahimili mvua na wadudu. Ustahimilivu huo ndio uliowadanganya waliofuata. Kwa miaka mingi matengenezo yalikuwa kupaka rangi tu, hasa ilipotarajiwa ziara ya Askofu. Rangi juu ya ubao uliokwisha kulowa haiponyi kitu. Huyafungia maji ndani. Kuvu inayoozesha mti hustawi unyevu wa mti unapozidi takriban asilimia 20, na upande wa kusini wa mlima, ambako masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, ubao usiopata nafasi ya kukauka hubaki katika hali hiyo majuma mengi.

Maandalizi ya Jubilei yalipoanza, Baraza la Wazee liligawanyika. Wapo waliotaka rangi tena, ili fedha zielekezwe kwenye mahema na chakula cha wageni. Si haki kuwalaumu mno, kwa maana ukiwa barabarani nyumba ilionekana nzuri. Fundi akapanda ngazi, akaisukuma patasi kwa mkono, bila nyundo, ikazama mpaka kwenye mpini. Mjadala ukaishia hapo.

Likabaki swali la mbao. Mkulo haukufikiriwa: amri ya Rais ya mwaka 1984 ilipiga marufuku uvunaji wa miti ya asili mlimani, uchunguzi wa angani wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mikulo iliendelea kukatwa kinyume cha sheria, na mwaka 2005 msitu wa asili uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Zikanunuliwa mbao za msindano kutoka mashamba ya miti. Msindano hukua upesi na huoza upesi. Basi kazi iliyofanywa zamani na mti wenyewe sasa ilibidi ifanywe na fundi. Mbao zilitiwa dawa, zikapakwa rangi ya kwanza pande zote, hata mgongoni pasipoonekana, na zaidi kwenye ncha zilizokatwa, ambazo hunywa maji kama mirija. Maungo yalikatwa mshazari, yakawekwa juu ya ncha ya pao. Bati lilisogezwa mbele kidogo ili maji yadondokee ndani ya mfereji, yasirudi nyuma ya ubao.

Mapao matatu yalikutwa yameoza nchani. Yalikatwa hadi penye mti mzima, yakaungiwa vipande vipya ubavuni. Mfereji nao ulikuwa umeziba kwa majani, na yaelekea uharibifu ulianzia humo.

Ubao mmoja tu wa mkulo, ulio juu ya baraza upande wa mashariki, ulikutwa mzima. Fundi aliugonga mara mbili, akauacha mahali pake.