Jani linalonyima mwitu watoto

Msomaji, mwitu unaweza kufa bila shoka na bila moto. Mambo hayo yameonekana New Zealand, inchi ya visiwa iliyo mbali katika bahari ya Pasifiki.

Jani lenyewe asili yake ni Brazil na Argentina, na wataalamu huliita Tradescantia fluminensis, yaani la Rio de Janeiro. Linatambaa chini. Majani yake yanang'aa, yamechongoka nchani, na ua lake jeupe lina petali tatu. Ni ndugu wa lile jani la mashamba yetu lenye ua dogo la buluu, ambalo kila mwenye jembe analijua. Lililetwa kama pambo la bustani, na kabla ya mwaka 1920 lilikuwa limekwisha kutoroka.

Sasa sikia ajabu: huko New Zealand halizai mbegu. Lakini kila fundo la shina linatoa mizizi, hata kipande chenye fundo moja kikianguka kinaota. Basi nani alilipeleka mwituni? Watu waliotupa takataka za bustani kando ya miti, tena ng'ombe, tena mito wakati wa mafuriko.

Wazungu waliohamia huko katika karne ya 19 walikata sehemu kubwa ya misitu ya mabonde, wapate malisho. Vilibaki vipande vidogo, na mwanga unaingia pembeni. Hapo ndipo jani hili linapenda. Linatandaa kama mkeka mzito, pengine unene wa nusu mita. Miti mikubwa inasimama kama zamani na kuangusha mbegu zake, lakini mche ukiota chini ya mkeka haupati mwanga, unakufa. Mpita njia anasifu: mwitu mzuri, kijani kibichi! Haoni kwamba wamebaki wazee watupu. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2001 vilionyesha kwamba jani likizidi wingi, miche inapungua mbio.

Kuling'oa ni kazi ya subira. Wanalikunja, wanalifunika kwa plastiki nyeusi mpaka lioze, kisha wanarudi mara nyingi kuokota vipande. Dawa inaweza kuua na miche inayotakiwa kuokolewa. Ndiyo sababu wataalamu walitafuta adui zake huko Brazil, wakaleta wadudu wadogo wenye mabawa magumu: walao majani mwaka 2011, walao shina 2012, walao ncha 2013. Wale wa kwanza walikutwa na vijidudu vya ugonjwa tumboni, ikawa lazima kuwalea kwanza hadi wapatikane wazima. Mwaka 2018 ukaongezwa ukungu unaotia majani madoa ya manjano.

Hakuna anayetumaini kwamba wadudu watalimaliza jani lote. Kinachotafutwa ni mkeka upungue, mwanga ufike udongoni, na mche upate nafasi ya kuinua kichwa.