Hukumu ya 1712: kalkulasi haikuibwa

Mwaka 1712 Jumuiya ya Kifalme ya London iliunda kamati ya kuamua nani aliyevumbua kalkulasi, hisabati ya mambo yanayobadilika: kasi ya sayari, mwinamo wa mstari uliopinda, eneo lililozingirwa nao. Ripoti yake ilimpa Isaac Newton sifa ya uvumbuzi na kumwachia Mjerumani Gottfried Leibniz doa la wizi. Hukumu hiyo haikustahili kuaminiwa wakati ule, wala haistahili leo. Rais wa Jumuiya alikuwa Newton mwenyewe, rasimu ya ripoti ilitoka mkononi mwake, na Leibniz hakuitwa kujitetea. Kesi ya ngedere ilipelekwa kwa nyani.

Tukiiweka kando ripoti na kuzifuata karatasi zao, ukweli unajitokeza. Newton alipata misingi ya njia yake mwaka 1665 na 1666, tauni ilipokuwa imekifunga Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini hakuichapisha kwa ukamilifu hadi 1704. Leibniz, akiwa Paris, aliandika ile S ndefu ya kujumlisha, ambayo wanafunzi wanaitumia mpaka sasa, tarehe 29 Oktoba 1675. Mwaka 1684 akatangaza kanuni zake katika jarida la Leipzig. Newton alitangulia kugundua, Leibniz akatangulia kuchapisha.

Wapo wanaosema kwamba Oktoba 1676 Leibniz alipita London akasoma andiko la Newton ambalo lilikuwa halijachapishwa. Ni kweli, na ingempasa aliseme hilo waziwazi. Lakini ukurasa wenye alama yake ulikwisha kuandikwa mwaka mmoja kabla, na alichonukuu London kilihusu zaidi mifululizo isiyo na kikomo. Isitoshe, njia zao zilitofautiana: Newton alianzia kwenye mwendo na wakati, Leibniz kwenye jumla na tofauti za namba.

Wengine watauliza: mbona Archimedes, au Madhava na wanafunzi wake wa Kerala, India, waliopata mifululizo ya aina hiyo zaidi ya karne mbili kabla, hawatajwi? Heshima yao ni kubwa na ifundishwe. Hata hivyo, Newton na Leibniz, kila mmoja kwa upande wake, waliweka kanuni za jumla zinazoonyesha kuwa kutafuta mwinamo na kutafuta eneo ni kazi mbili zinazotenguana.

Gharama ya hukumu ile iliwaangukia Waingereza wenyewe. Waling'ang'ania alama za nukta za Newton huku wanahisabati wengine, ndugu wa ukoo wa Bernoulli na baadaye Euler, wakisonga mbele kwa alama za Leibniz. Ilibidi ufike mwaka 1812 ndipo vijana wa Cambridge, akiwemo Charles Babbage, walipoanzisha chama cha kuzileta alama hizo Uingereza. Jumuiya iliyoundwa kutafuta ukweli iligeuzwa ngao ya rais wake, na vizazi vya wanahisabati vikalipia gharama.