Ilimba, Sintesaiza na Hongo ya Njia

Muziki wa ambienti unaochanganya mashine, ala za wenyeji na sauti za porini hulaumiwa kwamba unaharibu asili. Lawama hiyo imekosea mlengwa. Mashine haina kosa. Swali ni ala inapewa nafasi gani, na mpigaji anapata nini.

Kwa msomaji wa Tabora mfano uko jirani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo kabla ya kufika Unyanyembe, na Ugogo ndiko kwenye ilimba. Itazame kwa karibu: ni sanduku la mbao lenye vyuma vingi, na baadhi havibonyezwi kabisa, vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe vile vya jirani vinapolia. Juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui, kila noti itoke na mvumo wa kukwaruza. Skeli yake hufuata mfululizo wa sauti za asilia, si piano. Kwa hiyo ule mvumo usiokatika ambao watunzi wa ambienti huutafuta kwa sintesaiza, mafundi wa Ugogo walikuwa nao zamani. Fundi mitambo anayeusafisha akidhani ni kasoro ameiua ala, hata akiongeza mvua na ndege kiasi gani.

Mpigaji wa ilimba Hukwe Zawose alirekodi albamu ya Assembly (2002) na Michael Brook wa Kanada. Ni kazi nzuri, ingawa kwa sikio langu gitaa la Brook hutanda mno mahali fulani. Uhamiaji (2017) ya mwanawe Msafiri, iliyotayarishwa na Sam Jones, inanishawishi zaidi: humo ilimba inaongoza na elektroniki inafuata. Zote mbili, hata hivyo, zina jina la mwenye ala kwenye jalada. Mwaka 1992 kundi la Deep Forest la Ufaransa lilitumia wimbo wa kubembeleza mtoto kutoka Visiwa vya Solomon, ukauzika duniani kote. Mwimbaji wake, Afunakwa, hakutajwa.

Watemi wa Ugogo wasingeukubali mwenendo huo. Msafara ulilipa hongo ya kupita, maji nayo yakalipiwa, na mkubwa wa msafara alilijua hilo kabla hajafunga mizigo. Leo kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, yenye sehemu inayolinda sanaa za jadi zisitumike kibiashara bila kibali. Lakini sheria haimfuati mtu porini.

Basi kijana wa Kitete mwenye kompyuta na kinasa sauti, anayetaka kuchanganya nyuki wa miombo na ngoma za Wanyamwezi, asiogope kuitwa mharibifu. Aandike jina la kila mpigaji, wapatane mgawo mbele ya mashahidi, ndipo abonyeze kitufe cha kurekodi.