Sauti Juu ya Picha: Sinema ya Vugiri na Mwanamke wa Usambara

Wanafunzi wa zama zetu, wakusudiapo kutengeneza filamu ya majaribio juu ya namna jamii inavyomtazama mwanamke, aghalabu hudhani kwamba wanaingia katika kazi isiyo na nasaba katika nchi hii, na kwa sababu hiyo huenda kutafuta walimu wao Ufaransa na Marekani. Ilhali nasaba ipo, tena ipo mahali ambapo wachache wangepatazamia, katika milima ya Usambara, kwenye ukingo wa kusini ulioinamia bonde la Korogwe, panapoitwa Vugiri, katikati ya mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi. Hapo, tangu mwaka 1935 hata mwaka 1937, palikuwa na kituo cha sinema kilichojulikana kwa Kiingereza kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment, na kazi yake ilikuwa kupiga picha, kuzisafisha, kuzitilia maneno, kuzipakia katika lori, na kuzizungusha katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati ili ijulikane Waafrika watapokeaje mafunzo yatolewayo kwa njia ya sinema.

Asili ya shauri hilo ilikuwa kwa Merle Davis, mtu wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 alichunguza maisha ya wafanyakazi wa migodi ya shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, akaona jinsi watu walivyong'olewa vijijini na kutupwa katika maisha ya mshahara pasipo mtu wa kuwafasiria mambo hayo mapya. Akaamini kwamba sinema ingeweza kuwa mfasiri. Fedha zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Msimamizi wa kazi yenyewe alikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa shamba la mkonge katika Afrika Mashariki na ambaye tangu miaka ya 1920 alikuwa akiwaonyesha wafanyakazi picha za sinema, na mwenziwe wa upande wa elimu alikuwa G. C. Latham, aliyekuwa hapo awali mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Hao wawili waliandika kitabu juu ya jaribio lao, kikachapishwa mwaka 1937. Filamu zilizotengenezwa zilikaribia thelathini na tano, na katika hizo zilizosalia hadi leo katika hifadhi za Uingereza ni tatu tu: moja juu ya safura, moja juu ya mafunzo ya wasaidizi wa mifugo, na moja juu ya mashamba ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro.

Yafaa tusimame kidogo katika ufundi wao, maana ndani ya ufundi ndimo lilimo jambo ninalotaka kulieleza. Sinema ya maneno ilikwisha kuenea Ulaya na Marekani, lakini mitambo ya kunasa sauti pamoja na picha ilikuwa ghali na mizito, na jaribio la Vugiri lilikuwa na fedha haba. Kwa hiyo walitumia utepe mwembamba wa milimita 16, ambao ulipiga picha isiyo na sauti, na maneno wakayatia baadaye katika sahani za santuri. Picha ilikuwa kitu kimoja na sauti kitu kingine, na viwili hivyo havikukutana ila usiku wa maonyesho. Lori lilifika kijijini, kiwambo kikatundikwa, mtambo wa umeme ukaunguruma kando, na fundi akasimama kati ya mashine mbili, moja ya kuonyeshea picha na nyingine ya kupigia sahani, akalazimika kuuteremsha mkono wa gramafoni na kuuachilia utepe kwa wakati mmoja. Utepe ukikatika njiani na kuungwa tena, vipande vilivyopotea havikuwa na mwenzi wao katika sahani. Basi kutoka hapo sauti ilichelewa nyuma ya picha mpaka mwisho wa utepe, na mtu aliyekwisha kufumba kinywa alisemewa maneno ambayo kiwamboni yalikuwa yamekwisha kupita.

Lakini ufundi huo ulikuwa na faida kubwa, na haki itupasa tuitaje. Kwa kuwa sauti ilikaa mbali na picha, filamu moja iliweza kusemeshwa Kiswahili leo na kesho lugha ya watu wengine, kwa kubadili sahani tu. Hiyo ilikuwa hekima. Taksiri yake ilikuwa katika jambo jingine: kwamba mtu aliyeonekana katika picha hakuwa na amri juu ya maneno yaliyomfasiri. Aliyepigwa picha alitoa mwili wake, mikono yake, mwendo wake na uso wake. Maana ya vitu hivyo iliamuliwa chumbani, na watu wengine, baada ya yeye kwenda zake. Hali hiyo ilimpata mwanamume na mwanamke sawasawa, ila mwanamke ilimpata mara mbili, maana wakuu wa kituo walikuwa wanaume wa Ulaya, na ulimwengu walioupiga picha ulikuwa ulimwengu wa zao la biashara na mshahara, ambao serikali ya wakati ule iliuhesabu kuwa ni wa wanaume.

Tazama maudhui ya filamu zao. Palikuwa na filamu juu ya chai, nyingine juu ya ngozi, nyingine juu ya uuzaji wa kahawa, na nyingine juu ya benki ya akiba ya posta, ambamo mtu aliyefukia fedha zake ardhini aliibiwa, naye mwenziwe aliyeweka posta akasalimika. Palikuwa pia na filamu juu ya malaria ya watoto wachanga. Mwenye kupima orodha hii kwa insafu ataona kwamba mwanamke aliitwa hasa pale alipokuwapo mtoto mgonjwa, yaani aliitwa kama mama, tena mama wa kufundishwa. Sisemi kwamba mafunzo hayo yalikuwa mabaya; malaria iliua watoto wakati ule na inaua hata leo, na atakayemfundisha mzazi kuikinga hastahili lawama. Nasema kwamba katika milima hiyo hiyo iliyozunguka kituo, aliyelima mahindi, maharagwe na ndizi za kulisha nyumba, na aliyejua kila konde limechoka kiasi gani na lipumzishwe lini, aghalabu alikuwa mwanamke wa Kishambaa. Na filamu za kilimo, pindi zilipokisifu kilimo, zilikisifu kile chenye kuleta fedha. Elimu aliyokuwa nayo mwanamke huyo ilikuwa mbele ya macho ya wapiga picha kila walipoteremka kwenda Korogwe, nao hawakuihesabu kuwa ni elimu.

Mtu asije akadhani kwamba santuri yenyewe ilikataa sauti ya mwanamke. Mwaka 1928, miaka saba kabla ya Vugiri, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri kwenda Bombay na wenzake, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, na sahani zake zikarudi zikaenea katika mwambao wote, zikisikizwa majumbani na katika mikahawa. Mwanamke aliyezaliwa katika familia duni ya Fumba, asiyesoma, aliimba kwa lugha yake habari za mji wake, dhuluma na mapenzi na fedheha za wakubwa. Na Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliona inafaa kumwandikia wasifu, jambo ambalo waandishi wa zama zile walizoea kuwafanyia wanaume. Kwa hiyo chombo kile kile, sahani nyeusi yenye mifereji, kilikuwa na historia mbili katika nchi ambazo leo ni moja na katika miaka iliyokaribiana: Unguja kilimpa mwanamke sauti pasipo sura, na Vugiri kikampa sura pasipo sauti.

Jaribio la Vugiri lilipofungwa mwaka 1937, fikra zake hazikufungwa pamoja nalo. Baada ya vita vikuu serikali ilikuja na mpango wa kurekebisha ardhi ya Mlalo, mwaka 1946, na katika miaka ya hamsini ikaueneza Usambara, ikiwaamuru watu wachimbe matuta katika makonde ya miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Aliyebeba jembe la amri hiyo kwa sehemu kubwa alikuwa mwanamke, kwa kuwa makonde ya chakula yalikuwa mikononi mwake; na upinzani juu ya matuta ukakua hata ukachanganyika na siasa za chama cha TANU, mpaka mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Nayataja haya katika habari za sinema kwa sababu mtazamo ni ule ule. Mtu aliyelima mteremko maisha yake yote alitazamwa kama mwanafunzi wa kuonyeshwa tu, na wakuu wa serikali walipokuja kushangaa kwamba wanawake wa milimani wana neno la kusema juu ya udongo, neno lenyewe lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa hasira.

Katika miaka hiyo hiyo sinema ya hikaya ilianza kupigwa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwa mapatano ya serikali na kampuni kutoka Afrika ya Kusini, zilitengenezwa filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, na mchezaji wake mashuhuri alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Zilipendwa, na zilistahili kupendwa, kwa maana watu waliwaona watu wao wakisema lugha yao. Lakini hikaya za mshamba na mji, hizi zetu na za nchi nyingine, zina desturi ya kumpa mwanamke mojawapo ya nafasi mbili, ama mtego unaomngoja kijana mjini ama mvumilivu anayemngoja kijijini. Na katika zote mbili anangoja. Wakati huohuo, Unguja na miji ya mwambao, wanawake wenyewe walikwisha kuwa watazamaji hodari, wakaenda katika maonyesho yaliyotengwa kwa ajili yao, wakazililia filamu za Kihindi, wakarudi nyumbani wakizijadili, na hadhira hiyo yenye kutambua na kuhukumu haikuulizwa na watengenezaji wa nchi filamu gani ingependa kuiona juu yake.

Uhuru ulileta vyombo vipya, likiwamo Shirika la Filamu Tanzania lililoundwa mwaka 1968, na pole pole ikaja kazi yenye dhamira nyingine. Harusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ilimweka mwanamke mgonjwa na hofu zake katikati ya hikaya. Maangamizi, ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na Mulvihill, ilikwenda mbali zaidi: Amandina Lihamba alicheza kama Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye kwa miaka mingi hakutamka neno. Kimya chake ndicho kiini cha filamu. Watazamaji hulazimika kukaa nacho na kujiuliza nani alikisababisha.

Lakini iliyo karibu zaidi na maudhui yetu, na ambayo ningemtaka kila mwanafunzi aitazame kabla hajashika kamera, ni filamu ya Flora M'mbugu-Schelling ya mwaka 1992, ijulikanayo kwa jina la These Hands. Ni ya dakika arobaini na tano tu. Inawaonyesha wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wakiponda mawe kwa nyundo katika machimbo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, wameketi chini juani, jiwe kubwa likipondwa kuwa dogo na dogo kuwa kokoto, watoto wao karibu nao. Nyundo zinalia, wanawake wanaongea, wanaimba, na hakuna msimulizi. Mtengenezaji, mwanamke wa nchi hii, alikuwa na uwezo wa kuweka sauti yake juu ya picha zile, akatufasiria dhuluma ya biashara ya kokoto na ujira wake, na maneno yake yangekuwa ya haki, akaacha. Mtazamaji aliyezoea kuongozwa huona dhiki katika dakika za kwanza, akitafuta mtu wa kumwambia afikiri nini, kisha huanza kuzitambua nyuso, na kumtofautisha mpondaji mmoja na mwenziwe kwa mapigo ya nyundo. Kwa rai yangu, hilo ndilo jibu kamili lililopata kutolewa katika nchi hii kwa sahani za Vugiri, ingawa sidhani kwamba lilikusudiwa kuwa hivyo.

Basi kijana wa kike au wa kiume aliyeko Lushoto leo, au Soni, au Bumbuli, mwenye simu inayopiga picha bora kuliko mtambo wa Meja Notcutt, anayo mikononi nyenzo ambayo haikuwapo kwa wale, kwani simu hunasa picha na sauti kwa pamoja, kinywa na neno lake. Huo ni mwanzo mzuri, wala si mwisho wa kazi. Akitaka filamu yake iwe ya majaribio kwa kweli, na avitenganishe tena viwili hivyo kwa kusudi, lakini ageuze njia: awapige picha akina mama wa gulio la Soni wakipanga karoti na kabichi kabla malori hayajateremka Mombo, kisha awarudie na picha hizo, awaonyeshe, na kila mmoja aseme kwa Kishambaa, juu ya sura yake mwenyewe, lolote alipendalo, hata kama ni kumkosoa mpiga picha. Wanaume wa gulio nao wapewe picha hizo hizo waseme yao, na sauti zote zitiwe katika filamu zikifuatana, picha moja kwa masimulizi mawili, pasipo msimulizi wa tatu wa kuamua. Maonyesho ya kwanza yafanyike gulioni, mbele ya hao waliopigwa picha, na maneno watakayoyasema wakati wa kutazama nayo yarekodiwe, maana huenda sehemu ya pili ya filamu ikawa humo.